Mwenye Kisukari Afundishwe Kabla ya Mimba, Si Baada Yake

Taifa hili lilipotangaza vita dhidi ya ujinga, maradhi na umaskini, halikusema kwamba maadui hao watapigwa mmoja mmoja kwa zamu. Ujinga na maradhi ni ndugu wa tumbo moja, na mahali wanaposhikana mikono waziwazi ni katika uzazi wa mwanamke mwenye ugonjwa wa kisukari. Mama huyu hapungukiwi na dawa peke yake. Anapungukiwa na maarifa ambayo yangepaswa kumfikia miezi mingi kabla hajashika mimba, na ambayo mara nyingi humfikia madhara yakiwa yamekwisha kutokea, au hayamfikii kabisa.

Hapana budi kwanza kuikiri kazi iliyofanyika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulikadiria kuwa wanawake 556 walikufa kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 104. Hayo ni matunda ya jasho la wakunga, waganga, madereva wa magari ya wagonjwa na wananchi waliojenga zahanati kwa mikono yao. Lakini mafanikio yana hatari yake: huwafanya watendaji waamini kwamba njia iliyowafikisha hapo itawafikisha kila mahali. Njia hiyo ni kliniki ya wajawazito. Kwa mwanamke mwenye afya, kliniki hiyo ni ngao. Kwa mwanamke mwenye kisukari ni ngao inayoletwa mkuki ukiwa umekwisha kuchoma.

Sababu yake ni ya kimaumbile, wala haihitaji usomi mkubwa kuielewa. Mfereji ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Ifikapo wiki ya 8, moyo na viungo vingine vikuu vimekwisha kuumbika. Katika sehemu kubwa ya muda huo mama hajui kuwa ni mjamzito. Anadhani siku zake zimechelewa kwa uchovu wa palizi. Sukari ikiwa juu mno katika damu yake wakati huo, huuvuruga uumbaji wenyewe. Mimba yaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na kasoro ya moyo au ya uti wa mgongo. Sasa utafiti ule ule wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa ni wajawazito 24 tu katika kila 100 waliofika kliniki mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Na hata aliyewahi, akafika katika mwezi wa tatu, ameikuta kazi kubwa ya uumbaji imemalizika.

Hatari haiishi hapo. Sukari ya mama huvuka kondo la nyuma na kumwingia mtoto, lakini insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo kongosho la mtoto hulazimika kutoa insulini nyingi kupita kiasi, na mtoto hunenepa tumboni kuliko kawaida. Wakati wa kuzaliwa mabega yake yaweza kukwama, na baada ya kuzaliwa sukari yake yaweza kushuka ghafla hata kuhatarisha uhai. Kijijini mtoto wa kilo tano hupokewa kwa vigelegele. Ni wachache wanaojiuliza ni kitu gani kilichomnenepesha hivyo, na ni wachache zaidi wanaokumbuka kumpima mama yake sukari.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, juu ya bonde la Ruvuma; Masasi imetanda chini yake, katikati ya majabali makubwa. Hospitali zipo: ya Wilaya ya Newala, ya Mkomaindo mjini Masasi, na ya Misheni ya Ndanda. Lakini mzazi ambaye mtoto wake amekwama mabegani katika zahanati ya kijijini hana saa za kutosha za kuteremka au kupanda mteremko ule, hasa nyakati za masika. Kwake kinga ndiyo tiba.

Wala mwananchi wa Newala hahitaji kuhubiriwa habari ya kujiandaa mapema. Uwanda ule una shida ya maji tangu enzi. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kufuata maji na kuyapandisha kichwani. Ndiyo maana mwenye nyumba ya bati huchimba kisima na kukisakafia kabla ya mvua, ili maji ya paa yasipotee. Hakuna anayeanza kuchimba kisima siku kiu inapomshika. Busara hiyo iliyo nyuma ya kila nyumba ndiyo inayokosekana katika mpango wa kumhudumia mama mwenye kisukari.

Ipo kasumba inayosema kuwa kisukari ni ugonjwa wa wakubwa wa mjini, wenye matumbo na magari, na kwamba mkulima wa korosho na muhogo hauhusu. Kasumba hiyo ilikuwa na kisingizio zamani. Uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Lakini uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 9 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo hazikufanywa kwa namna moja wala mahali pamoja, na kwa hiyo haifai kuzilinganisha kwa mizani ya duka. Hata hivyo, mwenye macho haambiwi tazama. Zaidi ya hayo, iko aina ya kisukari isiyojali unene wala umri, inayomshika msichana mwembamba akiwa bado darasani na kumlazimu kuchoma insulini kila siku ya maisha yake. Msichana huyo atakua, atapenda, ataolewa na atatamani mtoto kama wenzake.

Tena dawa ya tatizo hili haikufichwa. Kabla ya mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipotibiwa kwa insulini huko Toronto, Canada, mwanamke mwenye kisukari kikali aliyeshika mimba alikuwa akisubiri kifo chake au cha mtoto wake. Insulini iliokoa akina mama, lakini kasoro za watoto ziliendelea. Jibu lilitoka katika kijiji cha Karlsburg, katika iliyokuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani. Mwaka 1983 waganga wa huko walichapisha hesabu ya wanawake waliokuwa wakitumia insulini. Wanawake 292 walianza uangalizi mkali wa sukari baada ya wiki ya 8 ya mimba. Watoto 22 walizaliwa na kasoro, yaani asilimia 7.5. Wanawake wengine 128 walianza uangalizi huo kabla ya kushika mimba. Mtoto mmoja tu alizaliwa na kasoro, yaani asilimia 0.8. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya kujumlisha tafiti nyingi za namna hiyo: kasoro kubwa zilikuwa asilimia 2.1 kwa waliotunzwa kabla ya mimba, na asilimia 6.5 kwa wasiotunzwa. Tofauti kubwa kati ya makundi hayo ilikuwa wakati wa kuanza. Yaani kalenda ilifanya kazi ya dawa.

Basi maarifa yapo tangu zaidi ya miaka 40 iliyopita. Ni nani aliyeyazuia yasifike Nanguruwe, Kitangali, Lulindi na Chiungutwa?

Sehemu ya lawama inauangukia mpangilio wa huduma wenyewe. Kisukari kina siku yake, uzazi wa mpango una siku yake, wajawazito wana siku yao, na kila daftari lina kabati lake. Mwanamke wa miaka 28 huenda akahudhuria kliniki ya kisukari mwaka mzima, akapimwa sukari na shinikizo la damu, akapewa vidonge vyake na kurudi nyumbani, bila kuulizwa hata mara moja kama anatazamia kuzaa. Siku nyingine ataonana na mhudumu wa uzazi wa mpango, naye hatamwuliza habari ya sukari. Hakuna aliyevunja kanuni. Kila mmoja amejaza daftari lake. Huo ndio urasimu katika sura yake mbaya kabisa, kwa kuwa humgawa mtu vipande, kisha kila ofisi ikajivunia kipande chake.

Sehemu nyingine ya lawama ni ya jamii. Mimba zinapoharibika au mtoto anapozaliwa mfu, hukumu hutolewa kabla ya maiti kuzikwa. Mama ana mkosi, ana chango, amerogwa, au yeye mwenyewe ndiye mchawi. Mume hushauriwa aoe mwingine. Katika jamii za Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambazo kwa mila zao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, pigo hilo humwangukia mwanamke mara mbili: amepoteza mtoto, na anaonekana ameukata mzizi wa ukoo.

Wanaotoa hukumu hiyo kwa jina la mila wameisahau mila yenyewe. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliyaweka katika kitabu chake cha mwaka 1908 masimulizi ya asili ya Wamakonde. Yanaeleza kwamba mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mwanamke, nayo ikapata uhai. Wawili hao waliteremka mto Ruvuma, na huko mtoto akazaliwa mfu. Wakahamia bonde la Mbwemkuru. Mtoto wa pili naye akazaliwa mfu. Ndipo waliporudi juu uwandani, Mahuta, na mtoto wa tatu akaishi, akawa chanzo cha kabila. Mume katika masimulizi hayo hakumfukuza mke, hakutafuta mchawi, wala hakuoa mwingine. Walibadili pamoja hali ya maisha yao kabla ya mimba iliyofuata. Wazee hao hawakujua kipimo cha sukari, lakini walijua kwamba mtoto huandaliwa kabla hajaja.

Lipo pia kosa linalofanywa na waliosoma, nalo ni la kumwambia mwanamke mwenye kisukari neno moja tu: usizae. Neno hilo likitolewa bila uchunguzi, bila maelezo na bila njia ya uzazi wa mpango, si ushauri wa kitaalamu. Mwanamke aliyeambiwa hivyo hurudi nyumbani akazaa vivyo hivyo, ila sasa huificha mimba yake kwa kuogopa kukaripiwa, na hufika hospitalini akiwa na miezi saba. Wapo kweli ambao figo, moyo au macho yao yameharibika kiasi kwamba mimba ni hatari kubwa kwao. Hao waelezwe hali yao kwa upole, mume akiwapo endapo wao wenyewe wanataka, na uamuzi ubaki mikononi mwao. Walio wengi wanaweza kuzaa watoto wazima, ikiwa watajiandaa.

Mafunzo yenyewe si marefu. Mwanamke ajue kwamba mimba yake yahitaji kupangwa, na kwamba mpaka siku ya kuwa tayari atumie njia ya kuzuia mimba. Kitanzi na vipandikizi huwafaa wengi wenye kisukari. Vidonge vyenye homoni mbili vyahitaji uangalifu kwa wale ambao ugonjwa umekwisha kugusa macho, figo au mishipa yao. Ajue kuwa kuna kipimo kiitwacho HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu hivi iliyopita, na kwamba inafaa kifike chini ya asilimia 6.5 kabla ya kushika mimba, kama lengo hilo laweza kufikiwa bila sukari kushuka mno. Kikizidi asilimia 10, asubiri kwanza. Apewe vidonge vya foliki vya miligramu 5 kila siku tangu kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Dawa zake zikaguliwe, kwa sababu baadhi ya dawa za shinikizo la damu, kama enalaprili na kaptoprili, pamoja na dawa za kupunguza mafuta katika damu, hazifai kwa mjamzito. Lakini asiziache kwa shauri lake mwenyewe. Macho na figo zipimwe. Afundishwe dalili za sukari kushuka, naye na wa nyumbani mwake wajue la kufanya. Na yule aliyepata kisukari wakati wa mimba kisha kikatoweka, aambiwe wazi kwamba chaweza kurudi: apimwe baada ya kujifungua, na apimwe tena kabla ya mimba nyingine.

Hapa watetezi wa uzembe huinua kichwa na kusema: vifaa haviko. Wanasema vijiti vya kupimia sukari huisha, kipimo cha HbA1c hakipatikani katika kila kituo, na insulini yahitaji ubaridi ambao nyumba ya kijijini haina. Ukweli uliomo katika hoja hiyo usifichwe. Kumfundisha mama juu ya insulini kisha kumrudisha mikono mitupu ni kumdhihaki, na ni wajibu wa Serikali na Bohari ya Dawa kuhakikisha kwamba vifaa hivyo vinafika katika vituo vya pembezoni kama vinavyofika mijini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, itapimwa na wananchi kwa mambo kama haya.

Lakini hoja hiyo haitoshi kuhalalisha ukimya. Pasipo HbA1c, sukari ya asubuhi kabla ya kula hupimwa. Pasipo jokofu, chungu cha udongo kilichowekwa katika kingine chenye mchanga wenye maji, kivulini, huihifadhi insulini vizuri kuliko kabati la bati. Vidonge vya foliki ni miongoni mwa dawa za bei nafuu. Na swali, "Mama, unatazamia kupata mtoto katika mwaka huu?" halihitaji fedha za kigeni, halipiti bandarini, wala haliagizwi kwa zabuni. Kituo kisichouliza swali hilo kisilaumu bajeti.

Mzigo huu usiachiwe waganga peke yao. Walimu wana sehemu kubwa kuliko wanavyodhani. Mwalimu ndiye anayemwona msichana mwenye kisukari kila siku. Ndiye anayeweza kumlinda asichekwe anapochoma sindano, na kuhakikisha kuwa anakula kwa wakati. Mwalimu wa baiolojia afundishaye kongosho na homoni, kisha akaishia kwenye mchoro wa ubaoni, amefundisha nusu ya somo. Vyuo vya ualimu, kikiwamo cha Kitangali wilayani Newala, vinatoa walimu watakaosikilizwa vijijini hata nje ya madarasa. Wapewe maarifa haya wakiwa bado chuoni.

Wako pia makungwi. Baadhi ya wasomi huwadharau, na hilo ni kosa. Kungwi husikilizwa na mwanamke katika mambo ambayo hatamwambia mhudumu kijana aliyevaa koti jeupe. Historia ya Masasi yenyewe yatoa funzo. William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi iliyoundwa mwaka 1926, aliona kwamba mila za jando haziwezi kufutwa kwa amri. Akaziingizia mafundisho ya dini yake badala ya kuzipiga marufuku. Ikiwa Injili iliweza kuingia jandoni, haieleweki kwa nini elimu ya kisukari isiweze kuwafikia wanawake watu wazima, na wanaojiandaa kwa ndoa, kwa vinywa vya makungwi. Hili halina maana ya kuwaharakisha watoto kuolewa; mahali pa mtoto ni shuleni.

Nchi hii ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vikachimbwa vijiji kwa vijiji. Taifa halikuwa tajiri mwaka ule. Lilikuwa na redio, vijitabu, viongozi wa vikundi na nia. Leo lina simu katika kila kaya nyingi za vijijini, redio za mikoani, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii ambao mpango wao ulizinduliwa upya mwaka 2024. Umoja wa Wanawake una matawi. Kinachotakiwa ni somo hili kuandikwa katika kazi za watu hao, na mtu wa kulisimamia.

Wanaume nao wasijifiche nyuma ya neno "mambo ya akina mama". Fedha za korosho zinapoingia, ni nani anayeamua zinakwenda wapi? Mume anayenunua pikipiki huku mkewe akikosa vijiti vya kupimia sukari ameshiriki katika yatakayotokea. Mume anayemsindikiza mkewe kliniki kabla ya mimba amefanya kazi ya baba mapema kuliko wote.

Kwa hiyo katika vikao vya halmashauri za Masasi na Newala, madiwani wasiridhike na taarifa inayosema kuwa huduma za mama na mtoto zinaendelea vizuri. Waulize maswali manne. Ni wanawake wangapi wa umri wa kuzaa wenye kisukari walioandikishwa wilayani? Wangapi wameulizwa kama wanatazamia kuzaa? Wangapi wana njia ya uzazi wa mpango waliyoichagua wenyewe? Wangapi walioshika mimba mwaka huu walikuwa wametayarishwa kabla? Mtendaji asiye na majibu apewe muda wa kuyatafuta, na kikao kinachofuata kianze na majibu hayo.

Mtoto aliyepotea kwa ukame au kwa nyoka aweza kuliliwa na kuachwa kwa Mungu. Mtoto aliyepotea kwa sababu mama yake hakuulizwa swali moja, katika kliniki aliyoihudhuria mwaka mzima, ana wa kumjibia.